Nina IST na siku kumi za likizo: niende wapi nikaone nchi?

*"Shikamoo mwalimu. Nina Toyota IST ya 1.3, automatiki, nakaa Dar. Mwezi Juni watoto wakifunga shule nina likizo ya siku kumi, nataka niwazungushe mke wangu, watoto wawili na mama yangu waone nchi. Mbuga si lazima, viingilio vinanishinda. Nataka barabara yenyewe ndiyo iwe matembezi. Wengine wananiambia Lushoto, wengine Mbeya. Shemeji yangu anasema IST haipandi Kitonga ikiwa na watu watano, nikodi Prado. Jirani yangu dereva wa lori anasema kwenye miteremko niweke nyutro, inaokoa mafuta na breki. Mimi nimezoea foleni za mjini tu, mlima sijawahi. Mama ana presha. Nishauri."*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali mawili ndani ya moja: wapi pazuri, na je, gari langu litafika. Watu huyajibu kila moja peke yake, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu nchi hii uzuri wa barabara na ugumu wake ni kitu kimoja. Kinachoifanya safari ipendeze ni kupanda. Asubuhi uko Ruaha Mbuyuni kwenye joto, mibuyu pande zote na vitunguu vimening'inizwa kando ya barabara. Alasiri hiyohiyo uko Mafinga, misonobari ya Sao Hill imejipanga kama askari na watoto wanaomba masweta. Hukwenda nchi nyingine, umepanda zaidi ya mita elfu moja tu. Na kila mita uliyoipanda utaiteremka siku ya kurudi.

Nianze na shemeji yako. IST inapanda Kitonga, ule mlima wa kona kabla ya kufika Iringa. Ikiwa na watu watano inapanda polepole, inanguruma, na malori mengi yatakuwa mbele yako yakitambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo hata ungekuwa na Prado ungeenda kwa mwendo wao. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda kwa sababu hewa ni nyepesi. Makadirio ya kawaida ni kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Njombe, karibu mita 2,000, gari lako litakuwa limepoteza moja ya tano ya nguvu zake. Utaisikia, lakini haitakukwamisha. Zima kiyoyozi wakati wa kupanda, weka gia ndogo, angalia taa ya joto la injini. Ikiwaka nyekundu, egesha pembeni, subiri, na usifungue mfuniko wa rejeta ingali ya moto. Nimeona mikono iliyobabuka kwa haraka hiyo.

Jirani yako sasa. Nasema kwa heshima zote, kwa kuwa dereva wa lori anajua mengi nisiyoyajua: ushauri wa nyutro ni hatari, na faida yake haipo. Magari ya sasa yanayotumia sindano za mafuta, IST ikiwemo, ukiwa kwenye gia umeachia mafuta na gari linateremka, kompyuta hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inabaki peke yake na lazima inywe mafuta ili isizime. Yaani umetumia mafuta zaidi, na umelitoa gari kwenye kitu pekee kilichokuwa kinalishika mbali na breki.

Hapa naomba unisikilize taratibu, maana mlima wote uko hapa. Breki haiumezi mwendo, inaugeuza kuwa joto. Chukua barabara ya Lushoto kushuka Mombo: kilomita 33, na ndani yake unashuka karibu mita 1,000. IST yenye watu watano na mabegi ni kama kilo 1,400. Nishati ya kuushusha uzito huo mita 1,000 inatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20, kuanzia yakiwa ya bomba mpaka yatokote. Upepo na matairi huchukua sehemu ya joto hilo, na injini, ikiwa kwenye gia ndogo, huchukua sehemu kubwa. Ukiweka nyutro, au ukabaki D huku mguu umelala juu ya breki muda wote, ndoo hizo unazichemshia kwenye diski mbili za mbele zenye ukubwa wa sahani ya chakula.

Zikishapata moto kupita kiasi, mambo mawili hutokea. Pedi zinapoteza ushikaji: unakanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, ila gari halipungui. La pili ni baya zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakiwa na maji ndani huchemka mapema. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inalainika, inazama mpaka sakafuni. Mimi yalinipata nikiwa kijana, na pikapu ya mwajiri wangu iliyobeba kabichi kutoka Lushoto. Kabla ya Soni nilisikia harufu kama ya nywele zilizoungua, nikadhani ni mashamba yanachomwa. Kona mbili mbele pedali ikaenda chini bila kugusa kitu. Nilishusha gia mpaka ya kwanza, injini ikapiga kelele, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Kabichi zikamwagika barabarani, watoto wa kijiji wakafanya sikukuu. Tangu siku hiyo harufu hiyo nikiisikia, hata ikiwa ya gari la mbele, nasimama.

Kanuni ni ya wazee wa barabara na haijapitwa: teremka na gia ambayo ungepandia. Kabla mteremko haujaanza, siyo katikati, punguza mwendo mpaka 30 au 40, kisha toa D weka 2, na pakiwa pakali zaidi weka L. Kwenye baadhi ya magari zimeandikwa S na B. Soma ubao wa gia wa gari lako ukiwa nyumbani. Injini itanguruma juu kuliko ulivyozoea. Mkeo atauliza kama gari limeharibika. Halijaharibika, ndivyo linavyofanya kazi. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti, rudi 30, halafu achia kabisa zipoe. Kanyaga, achia. Mguu unaobembeleza breki dakika ishirini mfululizo ndio unaozipika. Na ukifika chini, usimwagie maji magurudumu kama unavyoona utingo wanavyofanya. Diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inapinda. Endesha polepole kilomita chache, upepo utazipoza.

Kwa hiyo Prado si jibu. Prado ni nzito mara mbili ya IST, ina ndoo nyingi zaidi za kuchemsha, na dereva asiyejua mlima ni yuleyule. Utaihitaji kwa jambo moja tu: kuacha lami. Ukitaka kwenda Ziwa Natron kutokea Mto wa Mbu, au kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwenye ile barabara ya kona wanayoiita Hamsini na Saba, hapo kweli gari la juu linalipa gharama yake. Kwa safari ninayotaka kukupendekezea, fedha ya kukodi iweke kwenye matairi.

Wapi, basi?

Lushoto ni pazuri, na kwa mtu mwenye siku tatu ningemwambia aende huko moja kwa moja. Kutoka Mombo barabara inajipenyeza kwenye korongo, maporomoko ya Soni yako njiani, matunda yanauzwa kwenye vikapu, na ukisimama Irente unaona tambarare ya Wamasai chini yako kama ramani iliyotandikwa. Lakini ni nyembamba, kona zake ni za kupeana zamu na basi, na ni kilomita 33. Siku kumi ni nyingi kwake. Ungeunganisha na Same, Moshi, Arusha, na njia hiyo haina ubaya. Milima ya Upare inakusindikiza upande mmoja kwa saa kadhaa. Ila ni barabara ya kutazama milima ukiwa chini yake. Wewe umesema unataka barabara ndiyo iwe matembezi, na hiyo kwangu ni kusini: Morogoro, Iringa, Njombe, Tukuyu, mpaka Ziwa Nyasa. Najua watu wa Kilimanjaro watanisema.

Siku ya kwanza usijaribu kufika Iringa. Ni kama kilomita 500, na ukitoa foleni ya kutoka Dar, vijiji vya kilomita 50 kwa saa na askari wenye tochi za kupima mwendo, ni siku nzima ya dereva mzoefu, na Kitonga ungeifikia jioni umechoka. Lala Morogoro, Milima ya Uluguru ikiwa juu ya kichwa chako, au sogea mpaka Mikumi mjini. Barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na kupita humo hulipii kiingilio. Twiga, pundamilia, nyani, mara nyingi na tembo, watoto watawaona kupitia dirishani. Fuata mwendo ulioandikwa kwenye vibao, usishuke garini, usimrushie nyani ndizi. Mnyama ukimgonga, faini yake inaweza kupita gharama ya likizo yako.

Baada ya Mikumi barabara inashuka na kupinda hadi Mto Ruaha Mkuu, inafuatana nao, mibuyu inaanza. Kipande hiki watu wengi hukipita wamelala kwenye basi. Simama Ruaha Mbuyuni, kunyweni chai, injini ipumzike. Kisha Kitonga. Unapanda ubavu wa mlima, ukuta wa mwamba upande mmoja, upande mwingine bonde lenye msitu. Usiovateki humo hata lori likitambaa. Utaona dereva wa lori anakuwashia indiketa ya kushoto kukwambia pita. Ni ukarimu wa barabarani, lakini anayejua kama IST yako inaweza kumaliza kuovateki kabla ya kona ni wewe. Na ukikuta matawi mabichi yamelazwa barabarani, mbele yake kuna lori limekufa. Punguza hapohapo, usisubiri kuliona.

Iringa kaa siku mbili. Mji uko juu ya kilima, hewa kavu, asubuhi baridi. Panda mwamba wa Gangilonga jua likizama. Kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya kuna Isimila, ambako zana za mawe za watu wa kale zimetapakaa na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua zimesimama ndani ya korongo. Mama hahitaji kushuka chini, juu panatosha. Kalenga kuna fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Waeleze watoto kabla hawajafika, wasije wakaogopa.

Kutoka hapo kwenda Makambako ni nyanda zinazobembea, misonobari na mashamba, kisha unakata kushoto kwenda Njombe. Mwezi Juni Njombe ni baridi kweli, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi ukungu unafunika barabara. Washa taa za chini, usiwashe za juu: mwanga wa juu unarudi usoni mwako kama ukuta mweupe. Subiri saa tatu ndipo uondoke, hakuna anayekukimbiza. Mjini kuna maporomoko ya Luhuji, karibu na barabara kiasi kwamba mama atayaona bila kuchoka.

Watakwambia uende Kitulo, Bustani ya Mungu. Ni kweli hakuna kitu kama kile: uwanda wa mita 2,600 hivi, nyasi na maua mpaka macho yanapoishia. Lakini maua yake huchanua kati ya Desemba na Aprili, majira ya mvua. Juni utakuta nyasi za kahawia, upepo na barafu asubuhi. Bado ni pazuri kwa mtu anayependa ukimya, ila usiwaahidi watoto maua. Kutoka Njombe hadi Makete kuna lami na mandhari yake ni ya kukata pumzi. Kutoka Makete kuvuka uwanda kwenda Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, waulize madereva wa Makete siku hiyohiyo, siyo ya jana. Wakisita, geuza, rudi Makambako upite njia kuu.

Njia kuu inakufikisha Uyole kabla ya Mbeya mjini, ukiwa umepita Inyala. Huko, na Iwambi upande wa pili wa jiji, malori yameshaua watu wengi baada ya kukosa breki, kwa sababu ileile niliyokueleza, ila kwao ni makumi ya tani badala ya kilo 1,400. Kwenye miteremko hiyo usikae mbele ya lori lililojaa mzigo. Likikukaribia kwa nyuma, tafuta pa kuegesha, lipite.

Uyole kata kushoto. Kutoka hapo mpaka Tukuyu, kama ungenilazimisha nichague kipande kimoja tu cha lami Tanzania nzima, ningechagua hiki. Unapanda kwanza, viazi na pareto pembeni, kisha Mlima Rungwe unatokea, karibu mita 3,000, na barabara inaanza kuteremka kwenye migomba na chai. Ni kijani cha mwaka mzima kwa kuwa mvua ya huku ni nyingi, hata Juni beba koti. Udongo wake ni wa volkano, ndiyo maana ndizi zinaota kana kwamba hakuna anayezipanda. Daraja la Mungu, mwamba uliojitandika wenyewe juu ya Mto Kiwira, halihitaji mwendo mrefu. Ziwa Ngosi ndani ya kreta linahitaji kupanda msituni kwa miguu. Nenda na mkeo na mtoto mkubwa, mama abaki na mdogo Tukuyu. Halafu shukeni Kyela na Matema, mchanga wa Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone ikisimama wima nyuma yake. Umeshuka zaidi ya mita 1,000 tangu Tukuyu. Gia ya 2, kanyaga, achia.

Kurudi, gawanya siku mbili au tatu. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi juu yako kuliko pengine popote. Kitonga sasa unaiteremka, siku ya tisa, umezoea gari, watoto wamechoka, na akili imeshafika Dar. Ipite asubuhi. Usiku, hapana, kwa sababu yoyote ile.

Kuna mambo mawili siwezi kuyamaliza kwa maandishi. La kwanza ni gari. Wiki mbili kabla ya safari, siyo siku moja kabla, lipeleke kwa fundi wa breki unayemwamini na usimame pale magurudumu yakifunguliwa. Uone unene wa pedi kwa macho yako. Kama mafuta ya breki yana zaidi ya miaka miwili au hujui yaliwekwa lini, yabadilishwe yote, siyo kuongezewa. Matairi soma namba nne zilizo ubavuni: 1817 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2017. Tairi la mtumba lenye kashata (meno ya tairi) nzuri na umri wa miaka kumi ni zee, haijalishi linang'aa kiasi gani. Hakikisha na la akiba lina upepo. Ukiwa safarini, pedali ikilainika au usukani ukivuta upande mmoja unapofunga breki, safari imesimama mpaka fundi aone. Iringa, Makambako na Mbeya mafundi wapo. Na kwa kuwa mlima hujawahi, tafuta mwalimu au dereva mzoefu akae pembeni yako siku moja, mfanye zoezi la gia ndogo kwenye mteremko wowote wa karibu. Saa mbili za zoezi zinatosha.

La pili ni mama. Kwa mtu ambaye presha yake imetulia kwa dawa, mwinuko wa Njombe kwa kawaida si tatizo. Baridi na kukaa muda mrefu ndivyo vinavyochosha. Lakini mimi ni mwalimu wa udereva. Mpeleke kwa daktari wake kabla ya safari, apimwe, na dawa zake za siku kumi na za ziada zikae kwenye mkoba wake, siyo kwenye buti. Asimame anyooshe miguu kila baada ya saa mbili. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichoisha au kuishiwa pumzi, mnakwenda hospitali iliyo karibu, mandhari yatasubiri. Watoto wakianza kichefuchefu kwenye kona, wanyang'anye simu, waangalie mbele.

Uzito nao. Njombe watakuuzia gunia la viazi kwa bei itakayokufanya uone aibu kukataa, na parachichi juu yake. Kataa, chukua ndoo moja tu. Vitunguu nunua kiasi unachotaka, lakini Ruaha Mbuyuni wakati wa kurudi, Kitonga ikiwa tayari nyuma yako.